Usimwitikie Tu Jeremia

Irambona,

Nimeondoka kwenda sokoni Mwandiga wewe ukiwa bombani. Dagaa wako kwenye sufuria, wafunike, yule paka wa jirani hana haya. Mvua ikianza, anua muhogo.

~~Kwa Jeremia usiende, umenitia aibu.~~

Hapana. Nenda leo hii.

Kijana wa watu kamaliza kidato cha sita, kaacha shughuli zake asubuhi hii aje kukufundisha fizikia, nawe kila neno ni "nimeelewa, kaka." Kakuuliza jiwe lipi, kubwa au dogo, litafika chini kwanza, ukamjibu "ndiyo"! Nilikuwa mlangoni, nikashika kichwa. Jumatatu unaingia kidato cha tano, tena sayansi. Huko kukariri hakutakusaidia, na asiyeuliza anaachwa.

Najua ulikojifunzia kunyamaza. Tulipokuwa tunaikimbia Burundi nilikuambia ufunge mdomo, wasitusikie. Ulinitii, ndiyo maana tuko hai.

Lakini Jeremia hana bunduki, mwanangu. Muulize.

Mama