Ufunguo Kwenye Kona ya Kusini

Jumatatu, 6 Juni
Wino mzito leo, baridi. Kalamu nimezisafisha mara mbili. Ramani ya msitu inakaribia kwisha. Reli mstari mnene. Njia ya zamani ya misafara nukta nukta, Tabora mpaka Goweko na kuendelea. Tabora herufi kubwa, Igalula za kati, vijiji herufi ndogo kabisa. Chini, kona ya kusini, Isungwa. Kwetu. Mama yuko huko. Jina hilo nimeliandika polepole kuliko mengine.

Jumatano, 8 Juni
Bwana Pinto, mkuu wetu wa chumba cha wachoraji, karudisha karatasi. Ufunguo, lile sanduku la kueleza alama, nimeubana ukingoni na hausomeki. Anataka uhamie kona ya kusini, vijiji vya pale vifutwe. Ramani iliyojaa kila kitu haionyeshi kitu, anasema. Jicho lipate pa kupumzika. Nikamwambia mama yangu anakaa pale.

"Ramani si orodha ya ndugu zako, Yakobo."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Alhamisi, 9 Juni
Nimekwangua Isungwa kwa wembe. Imetoka upesi. Sanduku limekaa sawasawa: kipande cha reli, nukta za njia, kimti kidogo cha kuonyesha msitu. Ramani imependeza kweli. Najichukia kwa kuliona hilo.

Jumatatu, 27 Juni
Wakubwa wamekaa na ramani yangu. Wametia kijani mpaka kona ya kusini. Msitu wa serikali. Kwa macho yao pale hapana mtu.

Nilimkimbilia Bwana Pinto. Uso ulimbadilika. Akavaa koti, tukaenda wote kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Tukamweleza kwamba kijiji kipo, ni sisi tuliokifuta. Akasikiliza mpaka mwisho. Mpaka wa msitu umeshatiwa sahihi, akasema. Wenye nyumba watahama kabla ya mvua.

Nimerudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo. Mke wangu Salome anataka niache kazi. Niache ili iweje? Kijani hakitafutika.

Jumamosi, 16 Julai
Goweko kwa treni, kisha kwa mguu hadi Isungwa. Habari imeshafika. Nyumba ya jirani imeezuliwa tayari. Wazee wakaniomba niwaonyeshe ramani, nikatandika nakala yangu mkekani. Wanaojua kusoma wakatafuta jina. Wakatafuta tena. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mama hajui kusoma. Aliinama, akapitisha kidole kwenye nukta za njia aliyokuwa akibebea mizigo babu, akashuka nacho hadi ndani ya sanduku. Akakisimamisha juu ya kile kimti.

"Huu ndio mkwaju wetu wa kisimani, baba?"

Nikamwambia ndiyo, mayu, ndio wenyewe.

Akautazama kidogo. Kisha akaingia ndani kufunga vyungu.