Pacha wa Mama Anakuja Chongqing

Chongqing, 20 Machi 1996

Mpendwa Mama Mdogo Yunhua,

Natumaini u mzima huko Harbin. Umeniuliza tutembee wapi na tule nini ukija, nami naahidi kukueleza yote, hata yasiyopendeza.

Kwanza tutapanda kigari cha waya kinachovuka Mto Yangtze angani, asubuhi, ukungu ukiwa bado chini yetu. Kisha tutakula tambi za pilipili kwa Mzee Peng, kwenye ngazi za mtaani kwetu. Nilimwuliza kama utaziweza. "Watu wa kaskazini hulia kabla bakuli halijafika," alinitania. Nikamwonyesha picha yako. Akaweka upawa chini. "Mwambie aje mchana kweupe, binti. Jioni watu watakimbia."

Hukumwona tena pacha wako tangu ulipopelekwa kulelewa huko mkiwa wachanga, kwa hiyo labda hujui mlivyofanana. Mama alikuwa akikata tiketi kwenye kigari hicho. Tangu tumzike Januari, Bibi, mama yenu, humwekea bakuli na vijiti kila jioni. "Tusile kwanza, Yunfang hajavuka," husema, na chakula hupoa mbele yetu. Amekonda sana. Juzi nilimwambia kuna mgeni anakuja mwezi ujao. Hakuuliza ni nani. Alitoa sweta ya kijani ya Mama sandukuni, akaifua.

Tafadhali nijibu kabla hujapanda treni: Bibi akikuita Yunfang, utaitika?

Mwanao,
Tan Min