Waya Uliokatiza Ua wa Mama

Kiden,

Mama amesema Lado amekufa. Baba Mdogo ndiye aliyeniambia, kwa simu kutoka nyumbani Koboko, Jumanne asubuhi nikiwa bado nakunywa chai hapa Ediofe, Arua. Nilimwomba arudie, kama ninavyomwomba mtu yeyote anayenipa habari ya kifo. Akarudia kwa maneno yaleyale: "Mama yenu anasema Lado nayo alikufa, na nyinyi munamuficha."

Ndugu yetu hajafa. Nilimpigia palepale. Alikuwa kazini huko ng'ambo, akanigombeza kwanza kwa kumsumbua, halafu akauliza afanye nini. Kuja hawezi. Hati zake za kusafiri bado hazijakamilika, kama ambavyo hazikukamilika tulipokuzika.

Nakuandikia kwa sababu jambo hili lilikuwa la mikono yako ya ufundi. Nitaandika hata unayoyajua, maana bila kupanga mambo kwa mfuatano siwezi kufikiri. Ulinicheka kwa hilo tangu utotoni.

Ruta ya intaneti ipo nyumba kubwa, upande wa barabara, chini ya antena uliyoifunga juu ya bati. Mama anakaa nyumba ndogo, nyuma ya ua, na katikati ya ua wamelala Baba na Bibi makaburini mwao. Macho ya Mama hayauoni uso wa mtu kwenye simu, na masikio yake hayasikii bila sabufa, kwa hiyo ukaamua kumletea Lado kwenye televisheni kubwa. Wi-Fi ikakwama kwenye kuta za matofali. Baba Mdogo akakataa ua kuchimbwa ili kupitisha waya mrefu. Alisema jembe halitapita karibu na waliolala. Nilidhani mtagombana. Ulicheka tu. "Waya murefu iko chakula ya panya," ukasema. Wiki hiyo ulikuwa umetoka Aroi, kwa mteja ambaye panya walimaliza waya wote wa darini wakamwachia vichwa viwili vya plastiki vya kuchomekea.

Ndipo ukatoa vile visanduku viwili vyeupe, vidogo kuliko kiganja. Kimoja ukakichomeka kwenye soketi karibu na ruta, kingine kwenye soketi nyuma ya televisheni ya Mama, na kutoka hapo nyaya fupi hadi kwenye televisheni na sabufa. Intaneti ikapita ndani ya waya uleule wa umeme uliotoka nyumba kubwa kuja nyumba ndogo, juu kwa juu, kukatiza ua. Sikuamini. Nilikuuliza maswali hadi ukachoka.

"Kaka, hawa ni mapacha," ukasema. "Moja ikilia kule, ingine inasikia huku. Lakini lazima inanyonya mama moja."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Mama alivaa kitenge chake kizuri akaketi kwenye kiti kumngoja Lado. Alimwekea kikombe cha chai mbele ya televisheni. Lado akishaaga, alikinywa yeye. Wewe ulimtania: "Mama, mutoto yako inakunywa na mudomo yako." Alikutishia kwa fimbo yake, na Jumapili iliyofuata akaweka tena kikombe.

Sasa yaliyotokea ulipofariki.

Tulikutoa Arua tukakuleta Koboko, ukalazwa sebuleni nyumba kubwa. Watu walikuja wengi. Turubai halikuweza kusimama kwa sababu ya ule waya juu ya ua, na kaburi lako lilikuwa limepimwa chini yake hasa, kando ya Baba. Vijana wa ukoo wakazima umeme, wakautoa waya, wakauviringisha kwa uangalifu na kuutundika ukumbini. Nilikuwa nimesimama pale. Niliwashukuru. Kisha wajomba, ili Mama asikae gizani, wakaleta sola na kuifunga nyumba ndogo. Taa zikawaka. Televisheni ikawaka. Kila mtu akaona tumemtendea Mama vizuri, na kweli ilikuwa nia njema.

Jumapili ya kwanza Mama alivaa kitenge, akaweka kikombe. Televisheni ikaonyesha duara linalozunguka. Tukamwambia mtandao umeharibika. Jumapili ya pili tukamwambia vilevile. Niliona anavyotutazama. Mama alikuwa ametoka kufiwa na mtoto ambaye tulimwambia kwamba anaendelea vizuri hospitalini, mpaka siku ambayo hatukuweza tena kusema hivyo. Anaijua sauti yetu tunapoficha.

Jumapili iliyopita nilikwenda mwenyewe. Nilitaka simu yangu iwe ruta. Pale nyuma mawimbi ya simu ni haba, lakini nilipanda kwenye kiti, nikaiweka juu ya dirisha, na Lado akatokea. Akasema, "Mama." Picha ikaganda hapo. Mdomo wazi, macho nusu yamefumba, uso wa kijivu, mkubwa ukuta mzima. Sabufa uliyoifunga ikanyamaza.

Mama aliutazama kama alivyoutazama wako kabla sanduku halijafungwa. Nilizima televisheni. Huenda ningeiacha picha ingerudi. Huenda ingezidi kuwa mbaya. Sijui hadi leo.

Hakulia. Aliingia ndani akautoa mkeka wa msiba, ule tuliokuwa tumeukunja na kuuweka kando baada ya maombi yako, akautandika mwenyewe sakafuni na kuketi; nilidhani anakuomboleza wewe, nikarudi Arua. Yupo hapo mpaka sasa. Jumanne, baada ya simu ya Baba Mdogo, nilikwenda tena nikakuta majirani wameanza kuja kumpa pole ya Lado, na nusu yao hawajui kama ni kweli au si kweli. Mama Zubeda, yule wa karibu na msikiti, alinivuta pembeni akanong'ona, "Baba, sema kweli tu. Tunaomboleza mutu gani?"

Nilimwambia Mama twende nyumba kubwa, ambako picha haigandi. Anasema hataingia nyumba ulimolazwa. Nilimpa simu amsikie Lado. Alisikiliza kidogo akanirudishia: "Sauti, mutu yeyote anaweza kufanya." Baba Mdogo amekaa naye, katekista amekaa naye. Wote anawapikia chai na hamwamini hata mmoja.

Jumatatu nilizunguka madukani hapa Arua na vile visanduku mfukoni. Nilidhani vimekufa. Fundi mmoja, uliyewahi kufanya naye kazi, alivichomeka ukutani kwake na taa zote zikawaka kijani. Akaniuliza: nyumba hizo mbili ziko kwenye laini moja ya umeme? Nilikaa kwenye benchi lake. Lazima inanyonya mama moja. Nyumba kubwa ipo kwenye laini ya barabarani, nyumba ndogo inakula jua. Pacha mmoja analia, mwenzake hasikii, na hakuna hata mmoja aliye mgonjwa.

Kwa hiyo habari yenyewe ni hii: tulitoa waya ili tukuzike, na ndani ya waya huo ndimo alimokuwa akipita Lado. Hakuna aliyejua isipokuwa wewe.

Ningeurudisha leo. Haiwezekani. Njia yake inapita juu ya kaburi lako, na Baba Mdogo amesema hakuna kitu kitakachopita juu yako kabla saruji haijawekwa na padri hajaja. Sikubishana naye. Sikuwa na nguvu, na sikuwa na uhakika kwamba amekosea.

Fundi anasema kuna njia nyingine: antena mbili ndogo, moja ukutani kwa kila nyumba, zinazotazamana kukatiza ua bila waya wowote. Anazo. Nilimuuliza kama zitafanya kazi. Akasema kwa ua ule, ndiyo, huenda, kama zinaonana vizuri. Nilimuuliza kama Mama ataamini akimwona Lado. Akasema hilo halimo kwenye boksi.

Nimethibitisha vifo vingi katika kazi yangu ya uandishi wa habari. Unatafuta ndugu, unatafuta daktari, unauliza mara mbili, unaandika. Kumthibitishia mama kwamba mwanawe yu hai sijawahi kutumwa, na sijui nianzie wapi. Mashahidi wote ni sisi, na sisi tulishamdanganya juu yako.

Simu yako ninayo, bado inalia. Jana alipiga mwanamke wa Dadamu: "Fundi, sabufa yangu inakataa ruta, kuja mbio." Nikamwambia umefariki. Akasema pole sana, kisha akauliza kama namjua mwingine. Nilimpa namba ya yule fundi. Ungecheka. Mimi nilikata simu nikakaa nimeishika.

Nakuaga hapa, mdogo wangu. Ninakuahidi kwamba antena zitakaa ukutani, hazitakupita juu, na waya wako utabaki umetundikwa ukumbini mpaka Baba Mdogo mwenyewe aseme ushushwe. Ninakuahidi pia kwamba hatutamficha Mama neno lolote tena, hata picha ikiganda.

Jumamosi asubuhi ninaondoka Arua na fundi kwenda Koboko. Jumapili, misa ikishaisha, Lado ataketi mbele ya kamera yake. Nimemwambia asitulie hata kidogo: atikise kichwa, apunge mikono, asimame, aketi, ili Mama aone kitu kinachotembea. Mimi nitakuwa mkekani kando yake. Kikombe nitakiweka mwenyewe.

Kaka yako,
Kenyi