Ukigusa, Umecheza

Ijumaa, 13 Juni

Kesho fainali ya wanawake. Chesi ya haraka, dakika kumi na tano kila mtu. Atakayeshinda anapata nafasi ya mwisho kwenye timu ya mkoa. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nacheza na wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Mume anasema yeyote atakayeshinda, kombe ni letu. Rahisi kwake kusema.

Jumamosi, 14 Juni

Sijala. Mchezo ulikuwa wangu! Wifi alimshika malkia wake, akamwinua kabisa, ndipo akaona akimtoa pale mfalme wake amekwisha. Akamrudisha. Akasogeza kete nyingine, kimya, macho makavu. Sheria inajulikana: ukigusa, umecheza. Mwamuzi alikuwa ametupa mgongo, meza ya pili. Ningemwita. Lakini wifi mkubwa, nimuumbue mbele za watu? Nikameza.

Muda si mrefu nami nikagusa ngome yangu, nikaiachia. Wifi mkono juu. "Mwamuzi, kagusa." Sauti ya upole, kama anaomba chumvi. Nikalazimishwa kuisogeza ngome, na ndiyo ikawa mwisho wangu. Akanipa mkono — eti pole wifi yangu, sheria ni sheria. Heshima imeniponza. Mjinga ndiye aliwaye, na leo mjinga ni mimi. Nimerudi kwa miguu, sikutaka kukaa naye gari moja.

Jumapili, 15 Juni

Mume anasema nina kinyongo, mchezo tu huo. Nikamweleza habari ya malkia. Akauliza mbona sikusema palepale. Nikaenda kuosha vyombo.

Mama mkwe kapiga simu kumpongeza bintiye. Kapiga kwangu, maana ya wifi haipatikani. Nimfikishie hongera.

Jumatano, 18 Juni

Wifi yuko sebuleni na ubao wake. Timu ina mechi Jumamosi, na kashikwa na hofu. Anataka nimfundishe namna ninavyoanza mchezo, ile iliyombana siku ile. Kasema mbele ya mume na mama mkwe, aliyekuja naye: "Wewe ndiye unayejua, wifi yangu. Mimi nilibahatisha tu." Kwenye ukumbi wa mashindano hakulisema hilo.

Mama mkwe keshaondoa vikombe mezani. Kete zimepangwa, wifi kaniachia nyeupe. Nimekimbilia chumbani, nikasema natafuta miwani — nayo ninayo usoni. Mume anaita mara ya pili. Nikitoka nitamfundisha, tena vizuri, bila kumficha kitu. Najijua, na najichukia kwa hilo. Anaita tena, sasa pamoja na mama yake.