Spesa ya Pikapu ya Dada

Karakana, nyuma ya duka la rangi
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu, nyingi kuliko nilizompelekea mwanamke yeyote kabla sijaoa. Hujambo huko? Kikohozi kimekuachia? Unakula, au bado unadonoadonoa? Sisi huku wazima. Mama ananenepa, na mimi uzuri wangu haujapungua.

Sasa sikia ya dada yetu na mikate yake. Shule moja ilimpa wiki mbili za majaribio: mikate ifike kabla ya saa nne, na akichelewa mara tatu, kazi anapewa mwingine. Pikapu ndiyo ikachagua wakati huo kuleta kisirani. Asubuhi inawaka vizuri. Akisimama dukani dakika kumi kushusha mikate, injini ikiwa ya moto, haiwaki tena mpaka ipoe. Wiki ya kwanza akachelewa mara mbili.

Jumamosi akaniletea mimi, angempelekea nani? Nikatambua papo hapo: joto la injini linapanda kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, petroli inachemka humo na gari haliwaki. Dawa ni spesa, kile kipande kinachokaa kati ya kabureta na injini. Ya zamani ilikuwa imepasuka. Nikamwagiza mkereza vyuma anichongee ya alumini, nene vidole viwili, inang'aa kama kioo. Nimefanya kazi bandari tatu, mdogo wangu, sijaona spesa nzuri namna ile.

Boneti haikufunga kwa unene wake. Tukaijaribu hivyo hivyo; ilipopata moto, ikagoma kuwaka vibaya kuliko kwanza.

Dada hakufoka. Aliigusa ile spesa, akaondoa mkono haraka.

"Bingwa," akasema, "kikaango changu kina mpini wa mbao. Ulidhani ni urembo?"

Nikachukua spana, nikaifungua spesa yangu ya kioo.

Jumapili nzima nikazunguka maduka ya vipuri yaliyokuwa wazi. Nikapata spesa ya plastiki ngumu, nyeusi, nene kidole kimoja, sura mbaya kama yangu nikiamka, lakini haipitishi joto. Nikaifunga na gasketi mbili mpya za kuzibia, moja juu moja chini. Za dukani, si zile tunazokata kwenye boksi la viatu. Usicheke, na wewe ulikuwa unakata.

Jumatatu nilikaa naye mbele. Duka la kwanza akashusha mikate, akarudi, akashika ufunguo, akaniangalia tu. Ikawaka. La pili, ikawaka. Shuleni tukafika saa tatu na nusu, mpishi bado anafunga aproni. Wiki ikaisha hivyo, na juzi Ijumaa wamempa kazi ya mwaka mzima.

Nilikuwa nimemsindikiza; alipotoka ofisi ya shule alikuja mlango wa pikapu upande wangu, akanitupia ufunguo.

"Sogea kule. Nimechoka, endesha wewe."

Miaka kumi na moja hajawahi kuniachia usukani ule.

Nisalimie shemeji na mapacha, mmoja mmoja, wasigombane. Mama anakuombea kila siku. Mungu akupe afya na kazi isiyovunja mgongo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Dereva wa Dada