Aliyemfungulia Mauti Mlango

Sparkhill, Birmingham

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanakuruhusu kuinuka kwenye mkeka, au bado mpaka ushikwe mkono? Mjomba Saidi ameniambia huli vizuri tangu Bibi, mzazi wenu, aondoke. Kula, Mama, hata uji tu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Kinachoniuma unakijua. Mlimzika Bibi alasiri ile ile, nami niko huku, ningewahi vipi? Tangu nikiwa mdogo aliniita mume wake, akinidai kanga na kunigombeza kwa wivu nikichelewa kutoka shule. Mjukuu wa kiume ni mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuziba mlango jeneza likitoka, niseme mke wangu haendi popote, watu wanibembeleze, waniulize nataka nini, wanipe chochote ndipo nipishe, wacheke kidogo katikati ya kilio. Ukaniambia kwenye simu kwamba hakuna aliyezuia, walimtoa kimya kimya. Bado nayasikia maneno hayo.

Sasa, kazi yangu si unaijua, kulinda vyumba vya picha kwenye makumbusho. Majuzi walileta michoro ya zamani ya Waingereza, ya kejeli. Mauti wamemchora mtu wa mifupa mitupu, mcheshi kuliko wote. Huku anamkorogea daktari dawa, kule anamvuta mlafi mezani na mlafi hataki kuachia paja la bata. Watu wanapita wanacheka. Mwanzoni nilichukia, nikasema hawa hawana adabu na kifo. Baadaye nikaona, hapana, hawa ni watani.

Ila mchoro mmoja ulinishinda. Mauti amemshika mkono bibi kizee anamtoa nje, na bibi amegeuka kumtazama mumewe. Mume mwenyewe, kijana mtanashati, amewafungulia mlango, ameinama kwa heshima, anatabasamu. Hapo ndipo watu walipocheka zaidi. Mimi nililia, Mama, nikiwa na sare ya kazi.

Juzi maonyesho yakaisha. Wapagazi wawili wakautia mchoro ule kwenye sanduku la mbao, wakaubeba kuja kwenye mlango wa chumba ninachokilinda. Sijui nilipatwa na nini. Nilitanua mikono nikashika miimo ya mlango huku na huku, nikasema kwa Kiswahili, "Mke wangu haendi popote."

Wakatazamana. Akaja msimamizi wetu, Mama Kaur, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, ambaye alijua nina msiba. Hakunikemea. Aliniangalia, akasema kwa Kiswahili chao cha Kenya, "Haya baba. Sasa unataka tukupe nini ndio utoke?"

Na ndivyo anavyoulizwa mjukuu. Sidhani kama yeye alijua. Wote wakasubiri, sanduku mikononi, nami nikatafuta cha kudai. Hakuna nilichokitaka ambacho wangeweza kunipa. Nikashusha mikono, nikawapisha.

Nisalimie sana Mjomba Saidi, na dada yangu Zuhura aliyemwosha Bibi, mwambie Mungu amlipe. Nisalimie na majirani waliokesha nawe. Mkienda kaburini, mwambieni nilijaribu.

Mimi mwanao,
Hamza, niliyefiwa na mke.