Nimepasuliwa Mara Mbili, Wenzangu Wanasema Sijazaa

Bi Mwanaasha mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana huku Kiranjeranje sina wa kumwambia. Nina miaka ishirini na sita, watoto wangu wawili wote nilijifungua kwa upasuaji, na sasa nina mimba ya miezi minane wakati huyu wa pili hata miaka miwili hajatimiza. Mume wangu Majid yuko Mtwara kwenye kazi za ujenzi, mimi nakaa kwa mama yake, na katika nyumba hii mwanamke aliyepasuliwa anahesabiwa hajazaa, wanasema mtoto alitolewa, hakuzaliwa. Akiwepo mwenye mimba ya kwanza, kina mama wanamwingiza chumbani kumfunda mambo ya uzazi, na mimi naambiwa nibaki uani na wasichana, "Wewe utamfundisha nini, mwanangu, uchungu huujui." Mwezi wa Rajabu walimfunda wifi yangu Amina, nikakaa nje namenya mihogo, nikawasikia wanacheka ndani, nikalia, nikasingizia moshi.

Anayeniuliza hali ni mtu mmoja tu, dada anaitwa Lightness, ni wa utafiti. Nilipojifungua wa pili waliniomba niingie kwenye utafiti wa akina mama waliopasuliwa zaidi ya mara moja, wanafuatilia mama anaendeleaje na mtoto anaendeleaje, basi kila mwisho wa mwezi ananipigia, kovu linauma? unatokwa na damu? mtoto anakula? wewe unalala? Najua anasoma kwenye karatasi, lakini siku ya simu yake naoga mapema na kukaa na simu mapajani. Mimba hii sijamwambia. Nikimwambia atanituma hospitali nikapasuliwe, na mama mkwe ameshaongea na mkunga wa hapa kijijini, anasema safari hii utazaa hapa hapa kwa nguvu zako, na ukitoka arobaini nitakuingiza chumbani kwa mkono wangu. Kliniki nilikwenda ya kijiji cha pili ambako hawanijui, nikasema kovu ni la ngiri, nikapewa kadi mpya. Juzi kovu limeanza kuvuta na nimeona damu kidogo, haikuuma. Lightness akapiga, nikamwambia sina tatizo lolote, akasema vizuri, akakata. Je, ni dhambi kutaka kuzaa kama wenzangu? Usitaje jina langu, mama mkwe anasikiliza kipindi chako redioni.

Ni mimi, Mama wa Uani.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kukugombeza nitakugombeza, lakini kwanza pole. Barua yako nimeipata leo asubuhi kwa kondakta wa basi, nikaziweka kando zote zilizotangulia. Umeandika kurasa mbili na namba ya simu hukuweka. Imeniuma sana.

Damu ya mimba ya miezi minane haingojewi, hata ikiwa kidogo, hata isipouma. Kondo la nyuma linaweza kukaa juu ya kovu, na kila upasuaji unapoongezeka hatari hiyo nayo inaongezeka. Tena kizazi chenye makovu mawili kikishikwa na uchungu kinaweza kuchanika. Kikichanika hapo nyumbani, huyo mkunga ana mikono tu, damu ya kukuongezea hana. Wapo waliopasuliwa wakaja kuzaa kawaida, lakini walizaa hospitali, daktari akiijua historia yao yote. Eti ngiri! Ulimdanganya nesi ukadhani na kovu limedanganyika.

Kutaka kukaa na wenzako si dhambi. Ila hicho chumba unachokililia hakina thamani ya kaburi. Na nani kasema uchungu huujui? Uliyekohoa huku umeshika tumbo, ukainuka kitandani kwa kuegemea ukuta ili ukanyonyeshe, wewe umezaa. Mara mbili.

Halafu huyo Lightness. Anakupigia ili ajue ukweli, wewe unampa uongo, naye anaandika "hana tatizo". Kesho kuna mwanamke mwenye makovu kama yako atatulizwa kwa jibu lako. Mpigie wewe, sasa hivi, umweleze mimba na damu. Kisha chukua kadi zote mbili, ya kweli na ya ngiri, uende hospitali leo. Majid utamwambia ukiwa njiani. Ruhusa ya mtu usiingoje.

Na wewe mama mkwe, salamu aleikum, dada yangu. Najua unampenda mkweo kwa namna yako, na heshima unayotaka kumpa unaiona kubwa. Lakini mwanao akirudi kutoka Mtwara utamwonyesha nini, chumba?

Jina sijalitaja. Kijiji nimekitaja makusudi, mwanangu, utanisamehe ukishajifungua. Kwa kuwa namba sina, nasema na wanawake wa Kiranjeranje: huyu mnamjua, na mlikuwa mnamjua kabla sijaisoma barua yake. Msingoje kipindi kiishe. Mmoja awachukue wanawe wawili, mwingine atafute gari, na mmoja wenu apande naye mpaka hospitali, akakae pembeni ya kitanda chake mpaka mtoto alie.